Kiini kilichooza hakiponi kwa kutobolewa matundu

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa ufundi iliyoeleza namna ya kutibu sitaha ya boti ya faiba iliyolainika nimeisoma mara tatu. Ushauri wake ulikuwa mfupi: toboa matundu madogo juu ya sehemu iliyolainika, yaache maji yatoke, mimina epoksi, gundi ya majimaji inayogeuka ngumu, mpaka matundu yajae, piga msasa, paka rangi, kazi imekwisha. Naomba nafasi niupinge, kwa sababu ushauri huo huo niliwahi kuufuata mimi mwenyewe, na matokeo yake ninayo hapa bandani, yanashikika mkononi.

Mimi ni fundi wa boti za faiba kwa miaka 26. Kabla ya hapo nilikuwa seremala. Boti ninayotaka kuisema ina urefu wa mita 7 na umri uliopita miaka 30. Miaka 9 iliyopita mwenyewe aliniletea akilalamika kwamba sitaha upande wa kushoto inabonyea anapokanyaga. Nikatoboa matundu 64, safu nane kwa nane, niliyapima na kuyachora kwa penseli kabla ya kugusa keekee. Nikawasha taa za joto siku nne mchana na usiku, nikavuta unyevu kwa mashine ya kuvuta vumbi, kisha nikaingiza epoksi kwa bomba la sindano, tundu moja baada ya jingine, mpaka ikagoma kuingia. Sitaha ikakaza. Mwenye boti alikanyaga huku na huku, akanipa mkono, tukaagana kwa furaha.

Mwaka huu amerudi. Sehemu iliyolainika imekuwa kubwa mara tatu ya ile ya kwanza, na safari hii nilimwambia kwamba nitaikata niione. Nilipolifungua ganda la juu nikakuta kazi yangu yote imesimama pale: vijiti vya epoksi 64, vyembamba kama mishumaa, kila kimoja peke yake, vimezungukwa na uji mweusi wa mbao iliyooza. Hakuna hata viwili vilivyokutana. Epoksi ilijaza tundu nililotoboa na milimita chache kando yake, basi. Kilichobaki kati ya kijiti na kijiti niliweza kukichota kwa mkono na kukikamua, na maji yakanichuruzika vidoleni. Nilikaa chini nikaviangalia kwa muda mrefu.

Wasomaji wasiojua boti hizi zilivyojengwa watauliza mbao imeingiaje kwenye chombo cha faiba. Sitaha ya boti nyingi za zamani, na za sasa pia, ni maganda mawili membamba ya faiba yenye kiini katikati. Kiini hicho huwa balsa (mbao nyepesi sana), plaiwudi au povu gumu la plastiki. Ganda la juu katika boti hii lina milimita 4, la chini milimita 3, na kati yake balsa ya milimita 12. Kiini hakikuwekwa kujaza nafasi. Kazi yake ni kuyatenganisha maganda na kuyashika yasiteleze, na humo ndimo nguvu ilimo: chukua faiba ile ile, igawe mara mbili, weka kiini chepesi katikati mpaka unene wote uwe maradufu, na ugumu wake wa kupinda huwa karibu mara 7. Ukifanya unene mara nne, unafika karibu mara 37, na uzito umeongezeka kidogo sana. Sasa kiini kikioza, au gundi yake ikiachia, maganda yanakuwa kama mbao mbili zilizolaliana bila kuungwa. Kila moja inapinda kivyake. Ndiyo maana mguu unahisi kubonyea hata pale ambapo faiba yenyewe haina ufa wowote.

Maji yanaingiaje? Hapa ndipo makala yenu iliponyamaza kabisa, na hapa ndipo pa kuanzia. Faiba nzima haivujishi maji ya mvua mpaka ndani ya kiini. Maji huingia pale mtu alipotoboa: kwenye skrubu za reli, nguzo za ukingoni, chuma cha kufungia kamba, fremu ya mlango wa sitaha, hata tundu la waya wa taa. Kiwandani au bandani mtu alitoboa moja kwa moja kupita maganda yote mawili na kiini, akaweka utepe wa kuzibia, akafunga bolti. Miaka ikapita, chuma kikavutwa na kamba kila siku, kizibo kikapasuka upana wa unywele. Kuanzia siku hiyo kila mvua na kila wimbi linalopita juu ya sitaha linaacha tone.

Balsa ya sitaha husimamishwa nyuzi zake zikitazama juu na chini, na hilo ni jambo jema, maana maji husafiri kwa shida kukata nyuzi kwa ubavu. Lakini ili bapa la balsa liweze kufuata mviringo wa sitaha, hukatwa vipande vidogo vya mraba vilivyogandishwa kwenye kitambaa chembamba. Kati ya vipande kuna mianya. Aliyejenga boti asipoijaza resini, gundi inayogandisha faiba, mianya hiyo ni mifereji. Katika boti hii maji yaliingia kwenye chuma cha kufungia kamba karibu na omo, yaani mbele ya boti, na sitaha ikalainika zaidi ya nusu mita nyuma yake. Miaka 9 iliyopita nilitoboa pale palipobonyea na chuma kile sikukigusa. Hata kama epoksi yangu ingefanya muujiza, maji yangeendelea kuingia kwa mlango wao ule ule.

Na epoksi haiwezi kufanya muujiza. Mbao iliyolowa ina maji ndani ya vijitundu vyake, na maji hayo hayana pa kwenda: juu ganda, chini ganda, pembeni mbao nyingine iliyolowa. Epoksi ni nzito na inanata, haiyasukumi. Wapo wanaoichanganya na kiyeyusho ili iwe nyepesi na ipenye. Inapenya zaidi kidogo, ni kweli, lakini kiyeyusho hicho hunaswa humo ndani chini ya ganda, na epoksi inabaki dhaifu. Kuvu wanaoozesha mbao nao hawafi kwa sababu umewafunika. Mbao ikiwa chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi. Ukifunga maji pamoja na kuvu chini ya rangi mpya, umewatengenezea nyumba.

Nisiwe mwonevu kwa mwandishi wenu. Kuna hali moja ambamo kutoboa na kujaza hufaa: pale ambapo kiini ni kikavu na kizima, ila ganda limeachana nacho. Hapo kuna nafasi tupu, epoksi inatambaa, na ukiweka uzito juu maganda yanashikana tena. Nimefanya hivyo mara nyingi na boti zinatembea mpaka leo. Lakini kwanza ujue kwamba ni kikavu. Hutajua kwa kukanyaga.

Utajua kwa kugonga. Mimi hutumia kitako cha plastiki cha bisibisi. Sehemu nzima inajibu kwa sauti kali na fupi, ta, ta, ta. Sehemu mbovu inajibu bu. Unakwenda kidole kwa kidole, chaki mkono wa pili, mpaka umechora mpaka wake. Kipimo cha unyevu cha umeme kinasaidia pia, ila kinadanganyika kwa chumvi, kwa chuma kilichojificha chini, na kwa sitaha iliyolowa umande, kwa hiyo usikiamini peke yake. Mwisho toboa tundu moja dogo kutoka chini, ndani ya boti, usipite ganda la juu, uangalie kinachotoka. Unga mkavu wa rangi ya krimu ni habari njema. Ukitoka unyuzi wa kahawia unaonata kwenye ncha ya keekee, tafuta msumeno.

Kazi yenyewe sasa. Niliweka msumeno wa mviringo kina cha milimita 4 na nusu, nikakata ganda la juu kufuata chaki, nikiacha mdomo wa sentimita 5 kutoka kwenye ukingo wa mlango wa sitaha ili kuwe na pa kuungia baadaye. Penye uozo ganda lilinyanyuka lenyewe, kama kifuniko. Penye balsa nzima ilibidi nilibembeleze kwa tindo pana na kabari, na hapo ndipo nilipojua nimefika. Rangi inakuonyesha njia: nyeusi, kisha kahawia, kisha majimaji ya manjano, kisha krimu. Fundi mwenye haraka hukomea kwenye manjano. Mimi nilikwenda sentimita 10 ndani ya krimu, na eneo nililofikiri lina ukubwa wa mlango mmoja wa nyumba likaishia kuwa la milango miwili.

Kabla hujatoa kiini, weka nguzo chini ya sitaha ndani ya boti, na ubao laini juu ya nguzo hizo ukilishika ganda la chini. Ganda hilo peke yake ni jembamba. Likilegea kidogo tu wakati umelikanyaga, utagandisha kiini kipya kwenye umbo bovu na sitaha itakuwa na bonde ambalo mvua italijaza maisha yake yote.

Kukausha kulichukua siku 12. Jaribio langu ni hili: kata kipande cha plastiki angavu, kibandike kwa utepe pande zote nne juu ya ganda la chini na mbao ya pembeni, kisha ukalale. Asubuhi ukikuta ukungu wa maji chini ya plastiki, bado. Mteja atakuja kila jioni kuuliza. Mwonyeshe ile plastiki.

Baada ya hapo ni msasa mkali namba 60 mpaka mng'ao wote uondoke, kufuta kwa asetoni na kitambaa safi, na kupanga vipande vipya vikavu mahali pake kabla ya kuchanganya tone lolote. Nilirudishia balsa ya unene ule ule. Wengine hupenda povu kwa sababu haliozi, nami sina ugomvi nalo, ingawa hata povu likiachia gundi hukaa na maji. Plaiwudi kwenye sitaha pana siipendi, ni nzito na uzito wa juu huifanya boti iyumbe.

Epoksi inataka vipimo. Waliojifunzia kwenye poliesta, resini nyingine ya boti, wamezoea kuongeza hadina, yaani dawa ya kuikausha, ili ikauke haraka, na kwenye poliesta, ndani ya kiasi chake, hilo linawezekana. Kwenye epoksi ni kosa kubwa. Hadina yake ni sehemu ya jengo lenyewe. Ukiizidisha, sehemu iliyokosa mwenza inabaki laini milele, na hakuna jua litakaloikausha. Ukitaka iende haraka au polepole, nunua hadina ya haraka au ya polepole, vipimo viwe vile vile vya mtengenezaji. Na uchanganye kidogo kidogo, kwenye chombo kipana chenye kina kifupi. Nimeona kopo moja lililojaa likianza kutoa moshi kwa joto lake lenyewe kabla fundi hajamaliza kulikoroga.

Balsa inakunywa. Ipake kwanza epoksi tupu pande zote na kwenye mianya, subiri, ipake tena palipong'ara pakififia. Ndipo uchukue epoksi iliyokorezwa kwa unga wa silika mpaka ikawa nzito kama grisi, uitandaze kwa mwiko wenye meno juu ya ganda la chini, na ukandamize kiini mpaka uione inachungulia kwenye kila mwanya. Pasipochungulia pana hewa, na penye hewa ndipo maji yatakapolala siku moja. Juu yake plastiki, na juu ya plastiki mifuko ya mchanga mpaka kesho yake.

Ganda la zamani nililirudisha mahali pake kwa namna hiyo hiyo, baada ya kulisugua upande wa chini. Pale palipokatwa, nilichonga pande zote mbili za mkato kuwa mteremko wa 12 kwa 1, yaani kwa ganda la milimita 4 mteremko wa kama sentimita 5 kila upande, nikalaza vitambaa vya faiba kimoja juu ya kingine, kipana na chembamba, mpaka mteremko ukajaa. Anayejaza mkato kwa lipu peke yake atauona ufa mstari ule ule baada ya msimu mmoja. Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: epoksi nyingi zikikauka hutoa utando wa nta juu yake. Osha kwa maji safi na kitambaa kikali kabla ya msasa, maana msasa peke yake unausukumia ndani na rangi itabanduka.

Halafu nikarudi kwenye kile chuma cha kufungia kamba. Matundu yake nimeyatoboa upya kwa upana zaidi kupitia ganda la juu na kiini, nikaliacha ganda la chini bila kuligusa. Kwa msumari uliopindwa kama herufi L na kufungwa kwenye keekee nikakikwangua kiini kati ya maganda, sentimita moja kuzunguka kila tundu. Nikajaza epoksi iliyokorezwa, ikagandana, nikatoboa tundu la bolti katikati yake. Sasa hata kizibo kikichoka, maji yatakutana na epoksi ngumu, hayatakutana na mbao. Chini nikaweka bamba la chuma badala ya washa ndogo zilizokuwapo. Kizibo ni utepe wa butili, mpira laini unaonata. Silikoni sikuitumia na situmii kwenye sitaha, inashika vibaya na ikitolewa inaacha mafuta yanayokataa kila kitu kitakachopakwa baadaye. Kazi hiyo ya chuma kimoja ilinichukua asubuhi moja. Laiti mtu angeifanya miaka 30 iliyopita kwenye kila tundu la boti hii.

Kuna sehemu moja ya boti ambayo makala yenu iliitaja kwa mstari mmoja, na mstari huo ndio ulionitoa usingizi. Ilisema njia ile ile ya matundu inafaa pia kwenye ubao wa shetri, yaani nyuma ya boti, unaobeba injini. Mhariri, hapana. Ubao ule kwenye boti nyingi ndogo ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, na injini nzima inaning'inia hapo, inavuta na kusukuma kila inapopanda wimbi. Maji huingilia kwenye bolti za injini, kwenye tundu la kutolea maji, na kwenye viskrubu vya kipima kina ambavyo mtu alivifunga bila kizibo. Nyanyua injini, shika sehemu yake ya chini, itikise juu chini, mwenzako akitazama ubao. Ukicheza hata kidogo, au maji ya kahawia yakichuruzika kwenye bolti, boti hiyo isishuke majini mpaka plaiwudi yote itolewe na kuwekwa nyingine. Sitaha iliyooza itamwangusha mtu magoti. Shetri iliyooza inaweza kuachia injini katikati ya maji, watu wakiwa ndani.

Nalo la afya halikutajwa. Vumbi la faiba likiingia mapafuni halina faida yoyote kwa mtu, na vijana wanaojifunza ndio wanaopewa mashine ya kukwangulia kwanza. Barakoa ya kweli yenye vichujio, miwani, mikono mirefu. Epoksi mbichi isiguse ngozi kabisa, na ikigusa isifutwe kwa asetoni, bali kwa sabuni na maji. Mwenzangu mmoja aliifanyia kazi mikono mitupu miaka mingi bila kuona kitu, kisha mwaka mmoja mikono ikavimba na kupasuka. Tangu hapo akiingia tu kwenye banda lenye epoksi mbichi uso unamvimba. Alikuwa fundi bora kuliko mimi, na kazi ameiacha.

Mwenye ile boti sikumtoza ujira wa safari hii. Nilimwonyesha vile vijiti, nikamweleza nilichokosea, tukaelewana. Ninachoomba kwenu ni masahihisho katika ukurasa ule ule, hasa kuhusu shetri, na mapema, kabla msomaji hajachukua keekee. Kipande cha kiini cha zamani chenye safu mbili za vijiti nimekihifadhi kwenye rafu juu ya meza yangu ya kazi. Mpiga picha wenu akikitaka, nitakishusha.

Ni mimi,
Fundi boti, msomaji wenu wa siku nyingi